Swichi ya Chini

Watu wa mtaa ule walimwita Shubiri. Mwenyewe alijua, wala hakukasirika. Hasira zake alikuwa na pengine pa kuzipeleka. Ukimpelekea gitaa la gemu lililoharibika, hakukuuliza limepatwa na nini. Aliligeuzageuza, akalinusa, akakukagua kuanzia kidole gumba cha mguu hadi utosini, kisha akatoa hukumu: "Umelikalia." Hata kama hukulikalia, ulijikuta umesimama pale unajitilia shaka, pengine kweli ulilikalia ukasahau.

Alikuwa mjane, mfupi, mwenye vidole vyembamba na kauli nene. Meza yake ya kazi ilikuwa chumba cha mbele, chini ya dirisha. Juu yake kulikuwa na chuma cha kulehemu, bisibisi za kila namna, mswaki mkuukuu wa kusafishia kutu, na bati la biskuti alimohifadhi swichi. Nyuma ya ukuta wa mbao kulikuwa na ukumbi wa gemu, chumba kirefu chenye runinga kubwa, mabenchi, na harufu ya jasho na soda iliyomwagika. Ukumbi ulisimamiwa na mwanawe wa pekee, mtu mpole aliyezoea kuomba radhi kwa makosa ya mama yake. Zamani chumba hicho kilikuwa stoo ya redio mbovu za marehemu mumewe. Mumewe ndiye aliyemfundisha ufundi, tena alimfundisha kwa upole, na katika yote aliyofundishwa upole ndio somo pekee ambalo mwanafunzi hakulishika.

Kwa asiyeyajua, magitaa yale hayana nyuzi. Ni ya plastiki, mepesi. Shingoni yana vitufe vya rangi, na tumboni yana kijibao kidogo cha kupigia, kinachokwenda juu na chini. Kwenye runinga alama za rangi zinateremka. Unabonyeza kitufe cha rangi ile ile shingoni, na papo hapo mkono wa pili unagonga kijibao. Ukigonga kwa wakati wake, muziki unaendelea. Ukikosa, au ukigonga pigo la ziada pasipo na alama, gitaa linakwaruza ovyo, mfululizo wako unakatika, na watu wanakucheka. Kugonga kwenda juu au kwenda chini ni sawa tu, maana ndani ya kijibao kuna swichi mbili, ya juu na ya chini, na gemu haijali ipi imelia.

Shubiri aliyachukia magitaa yale kwa chuki ya mtu anayekijua kitu ndani nje. Aliyaita takataka zenye shingo. Walioyaunda, alisema, waliyaundia watoto wanaovaa soksi nyumbani, wasiotoka jasho. Vya kwanza kufa ni swichi za kijibao, kwa sababu kila mtu anadhani akigonga kwa nguvu muziki utakuwa mtamu zaidi. Kisha vitufe vinaanza kukwama kwa soda. Kisha maungio ya shingo, ambako vidole vya shaba vinalegea na gitaa linasahau rangi katikati ya wimbo. Springi za betri zinaota ukungu wa kijani. Na kile kimkono cha kuyumbishia sauti, hicho usikiseme, kinavunjwa na mtu wa kwanza anayejiona mwanamuziki.

Viwanda vilikwisha kuacha kuyatengeneza, kwa hiyo gitaa moja liliponywa kwa kuchinja jingine. Gitaa jeusi la ukumbini, ambalo lilikuwa zima kupita yote, lilikuwa na shingo ya gitaa moja, vitufe vya jingine, na tumbo la gitaa ambalo mwenye nalo alilitupa jalalani. Shubiri hakulisifu hata siku moja. Lakini kila jioni, kabla ya kufunga dirisha, alipita ukumbini kulifuta kwa upindo wa khanga, na mtu akimwona alijifanya anatafuta kitu kingine.

Sasa, kwa mdomo ule, nani angempelekea ubovu? Pale ukumbini palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeitangaza: gitaa likipata kasoro, unanyamaza. Mmoja alizoea kubonyeza kitufe chekundu kwa ubavu wa kidole. Mwingine alijua kwamba shingo lazima ikazwe kwa goti. Wachezaji walipeana siri hizo kwa kunong'onezana, Shubiri akiwa hatua chache tu upande wa pili wa mbao, akiamini magitaa yake ni mazima kwa sababu yeye ni fundi hodari. Hodari alikuwa kweli, ila hiyo haikuwa sababu.

Mke wa mwanawe alikuwa mrefu, na kicheko chake kilisikika hadi barabara ya pili, ndiyo maana wachezaji walimwita Kicheko. Shubiri hakumwita chochote. Wawili hao hawakupikika chungu kimoja tangu mwanzo, na chanzo chenyewe kilikuwa kidogo cha kutia aibu. Bibi harusi, siku zake za kwanza katika nyumba ile, alikuja kupumzika kwenye kochi ambalo mtu alikuwa ameacha gitaa jeupe chini ya mto. Huyo sasa alilikalia kweli. Shingo ilivunjika kwa mlio, na Shubiri akatamka maneno ambayo hayaandikiki, mbele ya mashangazi wa bibi harusi. Tangu hapo wakawa hawasemezani. Walisemezana kupitia kwa yule mwana mpole, na asipokuwepo, kupitia kwa paka.

"Paka," Shubiri alikuwa akisema, "mwambie mwenzio maji yanachemka mpaka yanakauka, yeye kakaa tu."

"Paka," Kicheko alijibu kutoka uani, "mwambie bibi yako nimeyasikia, sina uziwi."

Paka alikuwa na kazi nyingi katika nyumba ile.

Kilichomkata Shubiri maini zaidi ni kwamba mkwe huyo, mvunja shingo, ndiye aliyekuja kuwa mpigaji bora kuliko wote. Watu walitoka mitaa mingine kuja kumtazama. Shubiri hakumtazama hata mara moja. Alimsikia tu kupitia mbao, na makofi yakipigwa alifyonza. Laiti angemtazama, angeona jambo ambalo kila mtu ukumbini alilijua: Kicheko alipiga kwa kwenda juu tu. Swichi ya chini ya gitaa jeusi ilikuwa imekufa zamani. Angefanyaje? Aende kwenye meza ile aseme, Mama, limeharibika? Bora kufa. Akaufunza mkono wake kuuzoea ubovu. Kidole gumba kilikivuta kijibao juu, kikalia. Kisha mkono ukajiangukia wenyewe juu ya kijibao, ukakigonga chini bila madhara, kwa kuwa chini hapakuwa na uhai. Kule kujiangukia ndiko kulikompa kasi. Hakutumia nguvu kuurudisha mkono, uliporomoka tu na kuinuka, na mapigo yake yakatoka yamenyooka.

Mtaa wa pili kulikuwa na ukumbi mwingine, wa bwana mmoja aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Walimwita Miwani. Naye alikuwa na gitaa moja zima na mpigaji mmoja hodari, mpwa wake. Yeye na mwana wa Shubiri walikutana kwa kinyozi, wakatupiana maneno, na hata mtu mpole ana siku yake. Maneno yakazaa ahadi: watapiga nyimbo tatu, na atakayeshinda mbili anachukua gitaa la mwenzake, moja kwa moja. Shubiri alipata habari mambo yakiwa yamekwisha kukubaliwa.

"Gitaa gani?" aliuliza.

"Jeusi, Mama."

"Jeusi lipi? Hili nililolitoa jalalani kwa mikono yangu hii?"

"Hatutashindwa, Mama. Mke wangu hajashindwa na mtu."

"Mkeo!" Shubiri alisimama, akapita mlango wa mbao hadi katikati ya ukumbi, na ukumbi ulikuwa umejaa. "Nisikilizeni nyote. La kwanza mwanamke huyu alilivunja kwa makalio, sasa la mwisho anataka kulipoteza kwa mikono. Naomba siku hiyo ashindwe! Ashindwe mbele za watu, aaibike, ili mwanangu afumbuke macho!"

Hakuna aliyecheka. Mwanawe aliinama kama aliyeangusha kitu. Kicheko aliliweka gitaa kwenye benchi taratibu.

"Paka," alisema, ingawa paka hakuwepo, "mwambie amesikika."

Asubuhi ya shindano mume na mke walitoka kwenda kuazima viti. Shubiri alibaki peke yake. Hasira zilikuwa zimepoa, na zilipopoa kikabaki kile kilichokuwa chini yake, nacho kilikuwa hofu. Gitaa hilo likienda, atabaki na lile la akiba, lenye shingo iliyozungushiwa utepe wa gundi. Nani atakuja kwenye ukumbi wenye gitaa la aina hiyo? Na ukumbi ukifa, meza yake itakuwa meza tu, na yeye atakuwa kikongwe mwenye mdomo mchafu, basi.

Akalileta gitaa jeusi mezani. Akajaribu vitufe, kimoja baada ya kingine. Vizima. Akagonga kijibao juu, kikalia. Akagonga chini. Kimya.

"Mjinga huyu!" alimwambia paka. "Anakwenda vitani na gitaa nusu maiti, hata hana habari."

Mtu mwingine angesubiri wenye kulipiga warudi, akawauliza. Yeye hakuwahi kumuuliza mtu kuhusu ubovu wa kitu maishani mwake. Akalifungua lile bati la biskuti. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, palikuwa na swichi moja mpya ambayo marehemu aliinunua kwa kazi fulani, akafa kabla ya kuifanya. Shubiri alikuwa ameyanyima swichi hiyo magitaa yote yaliyopita mezani pake. Aliishika kidogo mkononi. Kisha akaitumia. Alilehemu huku amebana pumzi, risasi ya kulehemia ikakaa safi inameremeta, akafunga skrubu, akajaribu. Upande wa chini ukalia, mlio mkavu wa kitu kipya. Hakuwa amewahi kufanya kazi safi kama ile, na alikuwa amemfanyia mtu asiyempenda. Alijisikia mwema. Hali hiyo hakuizoea, na ilimkera.

Wale wawili waliporudi na viti, alikuwa na neno moja la kusema: nimelitengeneza. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini kulisema ilikuwa ni kuanza yeye kumsemesha, na labda kushukuriwa, na kushukuriwa na yule mwanamke asingeweza kustahimili. Mwanawe alikuwa anahangaika na nyaya za runinga. Paka alikuwa amelala. Akanyamaza.

Alasiri ukumbi ulifurika, wengine wakining'inia madirishani. Miwani alikaa mbele, mguu juu ya mguu. Mpwa wake alipiga wimbo wa kwanza vizuri, si vya kushangaza, na watu wa nyumbani wakatazamana kwa furaha, maana kwa Kicheko kiwango hicho kilikuwa cha kupasha vidole joto. Shubiri, kwa mara ya kwanza tangu ukumbi ufunguliwe, alitoka nyuma ya mbao akasimama mlangoni, mikono kaifunga kifuani. Kicheko alivaa mkanda wa gitaa, akacheka kidogo, makofi yakapigwa.

Alama ya kwanza ikashuka. Akavuta juu, sawa. Mkono ukajiangukia, gitaa likakwaruza. Akavuta tena, sawa; ukaanguka, likakwaruza. Kila mkono uliporudi, swichi mpya iliupokea kwa uaminifu wote na kuhesabu pigo ambalo mwenyewe hakulikusudia. Mfululizo ukakatika, ukaungika, ukakatika. Watu wa Miwani wakaanza kuzomea, wa nyumbani wakaanza kusimama ili waone vizuri, kana kwamba kasoro iko mahali pa kuonekana. Wimbo uliisha Kicheko akiwa ameshindwa vibaya, jasho linamtiririka kidevuni.

Aliligeuza gitaa. Akakigonga kijibao chini, polepole. Kikalia. Akagonga tena, kikalia. Kisha akainua macho, akayapeleka moja kwa moja mlangoni.

"Umeligusa," alisema. Hakumpitia paka wala mumewe.

"Nimelitengeneza," Shubiri akajibu. "Swichi ya chini ilikuwa imekufa."

"Najua imekufa! Nimepiga miaka yote hii ikiwa imekufa! Nani kakwambia uifufue?"

"Sasa kwa nini hukuniambia kama imekufa?"

"Nikwambie, halafu uniambie nimeikalia?"

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko, wa nyumbani na wageni. Shubiri alikuwa amekwisha kuelewa, maana fundi ni fundi: mkono unaoanguka, pigo la ziada, yote yalimjia kwa mkupuo mmoja. Akachomoa bisibisi kwenye mkunjo wa kilemba.

"Lete hapa. Nakata waya mmoja tu, linarudi kama lilivyokuwa. Sasa hivi."

Tangu ashike bisibisi hakuwahi kuharibu kitu kizima kwa makusudi. Alikuwa tayari. Alinyoosha mkono.

"Usiliguse!" Kicheko alilikumbatia gitaa. "Umeligusa vya kutosha. Si uliomba nishindwe? Watu hawa wote walikusikia. Haya, umepata. Unataka nini tena?"

"Mke wangu, mpe tu, ni mara moja," mumewe alisema, lakini sauti yake haikuwa na uzito. Akamgeukia mama yake, na katika maisha yake yote hakuwahi kumtazama vile. "Mama, niambie ukweli. Ulifanya kusudi?"

Shubiri alizungusha macho ukumbini. Nyuso zile hazikuwa zinasubiri jibu. Jibu walikuwa nalo tangu siku aliyosimama pale pale akipayuka.

"Sikufanya kusudi," alisema.

Mtu mmoja huko nyuma akaguna, na hiyo ikawa ndiyo hukumu yake.

Wimbo wa pili Kicheko alijitahidi kuuzuia mkono usianguke. Mkono uligoma. Ulikuwa umefundishwa muda mrefu na ulikuwa mwanafunzi mzuri. Alipouzuia, alichelewa, alipoacha kuuzuia, gitaa lilikwaruza. Kabla wimbo haujaisha alikuwa ameacha kuitazama runinga. Wa tatu haukuhitajika.

Miwani alilichukua gitaa jeusi, akalipangusa kwa kitambaa cha miwani yake. Alipofika mlangoni akasimama mbele ya Shubiri. "Asante kwa huduma, Mama Fundi," alisema. "Umenikabidhi likiwa zima kabisa."

Gitaa lile halijaharibika mpaka leo. Ndilo lililomtafuna Shubiri kuliko aibu yenyewe. Lilipigwa kutwa mtaa wa pili, likaangushwa, likamwagiwa soda, na swichi ya chini ikaendelea kulia. Watu walimpa habari zake, wengine kwa nia njema na wengine kwa kumchoma: lile jeusi, Mama, ni chuma! Huku kwake mabenchi yalibaki matupu hadi saa za jioni. Mwanawe alimsalimia kama mtu anayemsalimia jirani. Paka hakupewa tena ujumbe wowote, na Kicheko hakucheka tena. Shubiri alikuwa amekichukia kicheko kile kwa miaka, akadhani kikinyamaza atastarehe. Akajikuta anatega sikio kwenye mbao.

Mchana mmoja Kicheko alikuja mezani na gitaa la akiba, lile la utepe. Akalilaza mbele yake.

"Mama," alisema. "Kitufe cha bluu kinakwama."

Shubiri hakuwa amejiandaa. "Umelikalia," mdomo ukasema, wenyewe, kwa mazoea.

Kicheko alilichukua gitaa lake, akageuka, akapita mlango wa mbao. Shubiri alibaki anapatazama pale mezani lilipokuwa. Alitaka kufyonza, hakuweza. Akaiweka bisibisi chini, akainuka, akamfuata, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja, wala mkwe, wala, tuseme ukweli, marehemu.

Kicheko alikuwa amekaa benchini, gitaa mapajani, runinga imewaka.

"Usinichokoze leo," alisema bila kugeuka.

"Sichokozi." Shubiri alivuta kreti tupu la soda, akalipindua, akakaa ubavuni pake. Mikono yake mitupu akaiweka magotini. "Piga."

"Nipige nini?"

"Piga nione. Silifungui mpaka nione unavyolipiga."

Kicheko alimtazama kitambo, kama anayetafuta tusi limefichwa wapi. Kisha akaanza wimbo. Shubiri aliutazama ule mkono uliokuwa ukishangiliwa upande wa pili wa mbao miaka yote ile. Uliinuka na kuanguka, uliinuka na kuanguka, bado unapiga swichi ya chini kana kwamba imekufa, na gitaa likikwaruza kila uliposhuka. Na shingoni, kidole kimoja kilikuwa kimeanza kukikwepa kitufe cha bluu usoni na kukibonyeza kwa pembeni, kwa siri, tayari kimezoea.

"Unapiga vibaya," Shubiri alisema wimbo ulipoisha.

"Ndivyo ulivyonifundisha."

Shubiri akalisogeza kreti karibu zaidi.

"Rudia," alisema. "Polepole."